Sinia la Kumba

Zima hiyo simu, Bonface, nawe Terry acha kukunja shuka ambalo limeshakunjwa, mkae nyote wawili mahali nitakapowaona bila kugeuza shingo, kwa maana pumzi iliyobaki ni ya kusema mara moja tu na sitaipoteza kwa kurudia. Nimesikia mmefika asubuhi kutoka Riyadh. Nimesikia pia kwamba mlikuja na basi moja, mmoja mbele mwingine nyuma, usiku kucha barabarani, na mlipoonana kituoni hapa Jeddah kila mmoja akamuuliza mwenzake, "Na wewe umekuja lini?" Watoto wa tumbo moja, mji mmoja, basi moja. Nililala hapa nikacheka mpaka kikohozi kikanikamata, halafu nikaacha kucheka.

Najua mlichofuata. Mmefuata ufunguo wa nyumba hii. Kila mmoja ameshanipigia kwa wakati wake na kwa sauti ya chini. Terry akasema, "Mama, usimwachie Bonface, atauza mpaka vitanda." Bonface akasema, "Mama, Terry akishika hiyo nyumba ataijaza wale wasichana wa saluni yake ya Sulimaniyah kule Riyadh." Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na vitanda sita hapa Aziziya, ghorofa ya nne, mkataba kwa jina la mtoto wa kafili wangu, mdhamini wa kazi yangu, yule ajuza wa Al-Hamra ambaye nimemwosha mgongo miaka kumi na tisa, na kitu pekee alichonipa kisicho nguo kuukuu ni ruhusa ya kulala nje ya nyumba yake. Wasichana wetu hukodi kitanda hapa wakitoka kwa madam mmoja kabla ya kuingia kwa mwingine. Ni kitu kidogo, lakini ndicho nilicho nacho nchi hii, na nitawaambia mapema msije mkakaa mkikisia: ufunguo sikupi wewe, Terry, wala wewe, Bonface. Nimempa Kumba, Msenegali wa mlango wa pili. Usigune. Nimesema usigune, Terry. Sikiliza sababu kwanza, nikiisha kusema mtaguna kadiri mpendavyo, mimi sitakuwepo kuwasikia.

Nilipokuja huku nilikuwa na darasa la saba na Kiingereza cha kuhesabu vijiko, na hata hivyo nilijiona bora kuliko Wasenegali. Sote tulijiona hivyo. Katika ofisi ya ajenti niliyopitia mimi kila taifa lilikuwa na bei yake kama nyama buchani, Mfilipino juu, sisi katikati kwa sababu tunaweza kumsomesha mtoto wa madam, na Msenegali hakuwamo hata kwenye karatasi. Wao wengi waliingia kwa umra au kwa kumfuata jamaa aliyetangulia, wakabaki wakisuka nywele, wakiuza samaki wakavu na maji ya rosela, wanaume wakishona au kubeba majora ya vitambaa sokoni, leo kuna kazi kesho mafi, hakuna. Sisi tulikuwa na ikama, kile kibali cha kuishi huku, na mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wao walikuwa na nini? Walikuwa na wao kwa wao. Miaka mingi nilidhani hicho si kitu.

Angalieni jikoni kwetu, mmepita hapo mkiingia. Wanawake sita, sufuria saba, ya saba ni yangu ya chai. Kila mmoja na unga wake, mafuta yake, chumvi yake, na friji ambamo hata kitunguu kina jina la mtu. Kwa Kumba kuna chungu kimoja na sinia moja pana kama gurudumu. Saa ya kula wanalizunguka, kila mtu na upande wake, na kabla mkono haujaingia Kumba hutazama duara. Upande ukiwa wazi anauliza nani hayupo, na mtu anatumwa akamtafute, wali upoe usipoe. Sisi tulikuwa tukichungulia na kucheka. Priscilla, yule aliyelala kitanda cha dirishani, alikuwa akisema, "Hao wanakula kama kuku, Mama Terry. Hawana privasi kabisa."

Msidhani nawasifu, sina nguvu ya kusifu mtu. Msichana wao akipokea mshahara, kuna shangazi anaujua kabla hajafika nyumbani. Mmoja alitaka kuolewa na Msudani, wakamwekea kikao siku tatu mpaka akamkana. Kumba mwenyewe ana mdomo, anaingia bila kubisha, anafunua sufuria yako na kukuambia chumvi haitoshi kabla hajaonja. Tena wana msikiti. Wakitoka kuswali wanaonana wote mlangoni, na habari ya mgonjwa au aliyefukuzwa kazi inapatikana kabla watu hawajavaa viatu, na sisi tunafunga madirisha tukiimba nyimbo za Kristo kwa pua, watu wanne, wa tano hatumwaliki kwa hofu kuwa ana mdomo mrefu. Hilo la madirisha si kosa letu, ibada yetu hairuhusiwi hadharani huku. Lakini hakuna Mwarabu aliyetuandikia majina kwenye vitunguu.

Sasa nawaambia habari ya Mitchelle, na msinikatize.

Huyu alikuwa msichana wa Busia, mwembamba, ana miaka ishirini na mitatu, alitoka kwa nyumba moja ya Al-Hamra akiwa na homa na maumivu ya tumbo, akakodi kitanda kile pale nyuma ya mlango. Akatundika pazia lake kama sisi sote tulivyotundika. Akanunua pakiti ya maziwa, akaandika MITCHELLE kwa kalamu nyeusi, na chini yake akaandika USIGUSE. Nasi hatukugusa. Sisi ni watu wa heshima. Siku ya kwanza nilifungua friji nikayaona maziwa yako pale pale, nikayasogeza kando nikaweka samaki wangu. Siku ya pili nikayaona tena, sikuwaza lolote. Siku ya tatu, kwa friji yetu isiyopoza vizuri, pakiti imevimba, inanuka, nami nikasema kwa sauti, asikie kule aliko, kwamba kuna watoto waliolelewa na nguruwe. Hakujibu. Nikadhani ana kiburi. Pazia lilikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama, wanangu. Nimezipima baadaye, mara nyingi.

Aliyeingia ni Kumba, amekuja kugombana kuhusu maji yaliyokuwa yakivuja ukutani kwake. Akagombana na mimi kwa Kiarabu chetu cha jikoni, akamaliza, akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Yule mwembamba yuko wapi? Siku mbili hajanisalimia." Akalifungua pazia bila kuomba ruhusa, kwa ile tabia yake niliyokuwa naichukia, na alichokiona sitawaambia, kwa sababu Mitchelle alikuwa mtu na ana mama. Lifti ilikuwa imeharibika. Kumba akamfunga mgongoni kwa mtandio, mtu mzima, akashuka naye ghorofa nne. Mimi nilishika viatu vya Mitchelle. Nilifika navyo hadi ghorofa ya pili, nikasikia mlinzi akisema jambo la polisi, nikarudi juu. Priscilla na wengine walikuwa wameshabeba mabegi na kuondoka kwa hofu ya polisi. Jioni hiyo nyumba ilibaki na mimi na friji.

Alikufa hospitalini siku ya pili yake. Daktari alisema angeletwa siku ya kwanza angekuwa anatembea. Walipomuuliza Kumba, "Wewe ni nani wake?" alisema, "Jirani." Mwili ukakaa wiki saba kabla ya kusafiri, sisi tukiwa kwenye grupu ya simu tukibishana picha gani iwekwe. Na mimi ndiye niliyempigia mama yake. Nilimwambia tulikuwa naye, tulimshika mkono, tulimpa maziwa. Maziwa, wanangu. Ulimi wangu ulitafuta cha kusema ukakuta hicho. Yule mama akanibariki, akasema Mungu anilipe. Mungu amenilipa. Mapafu haya yaliisha kwenye vyoo vya Al-Hamra, nikichanganya dawa za sakafu na za madoa huku mlango umefungwa ili harufu isimfikie bosi sebuleni, lakini kila ninapokosa hewa ni sauti ya yule mama ninayoisikia.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Juma lile la msiba Kumba alituletea wali wa samaki kwenye sinia lake jingine, pana kama lile. Nilikuwa peke yangu, nikala upande mmoja, uliobaki nikautupa. Sinia nikaliosha. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, nilifundishwa hivyo na mama yangu nanyi niliwafundisha, nikasema nitapika, nitalijaza, nitampelekea. Sikuwa na sufuria ya kujaza sinia lile. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, nimepikia karamu za watu nchi mbili, na ndani ya nyumba yangu hakukuwa na chombo cha kulisha zaidi ya mtu mmoja. Nikalisukuma chini ya kitanda. Kumba akawa ananiuliza kwenye ngazi, "Mama Terry, sinia langu?" Namwambia, bukra. Kesho. Miaka minne ya kesho, mpaka ikawa ugomvi, mpaka tukawa hatusalimiani, na jengo zima likadhani tunagombania kamba za kuanikia nguo. Nimelilalia sinia la mtu miaka minne kwa aibu, na yeye ndiye aliyeniokota sakafuni mwezi uliopita.

Kwa hiyo msiniulize kwa nini yeye. Mkipewa ninyi ufunguo huu mtawapangisha watu mapazia. Bonface, uligonga gari la kafili wako ukafungiwa siku kumi na moja, na dada yako, aliye dakika kumi kutoka hapo, akasikia kutoka kwa shangazi yenu aliye nyumbani kwetu Lugari. Wewe unasema hakuja. Terry, wewe unasema hakukuambia. Mmeacha kusemezana miaka mitatu kila mmoja akiwa na haki yake kamili, na sijawahi kuona haki iliyomfaa mtu kidogo kama hiyo yenu. Nyote mnalipwa zaidi ya Kumba. Siku moja mmoja wenu atavimba nyuma ya pazia huko Riyadh na mwenzake atasogeza maziwa.

Haya, shikeni. Wasichana walioko hapa wasifukuzwe, Kumba ameahidi, ila watakula chungu kimoja, na asiyetaka atafute kwingine. Friji iteremshwe chini, achukue atakaye. Nyumba ya Lugari ni ya ninyi wawili na haigawanywi. Bonface, ule mlango wa pili uliouchora kwenye ramani ya nyumba hiyo ili mtengane uuzibe kabla haujajengwa, jiko liwe moja. Nikifa, msiweke picha yangu kwenye grupu. Ikiwezekana kunirudisha upesi nirudisheni, isipowezekana nizikeni huku huku wanakozikwa wasio Waislamu, sitaki wiki saba. Na mmoja wenu atakayefika nyumbani kwanza, kabla ya kufika kwetu apitie Busia kwa mama yake Mitchelle. Amwambie kwamba Eddah, yaani mimi mama yenu, alisema uongo. Amwambie mkono uliomshika mtoto wake ni wa mwanamke anayeitwa Kumba, na alimbeba mgongoni, kwa sababu mama atataka kujua alibebwaje. Akiwatukana, simameni mpokee matusi. Ni yangu, mtakuwa mnanibebea tu.

Sauti... Sogea, Terry. Bonface nawe.

Mungu awape kinywa cha kuulizana. Awape jirani asiyebisha hodi. Miguu yenu iwe mizima, na mikono yenu ikutane chakulani hata siku mnazochukiana. Nawabariki. Sikufundishwa kubariki kwa maneno mazuri, chukueni hayo.

Sasa inukeni. Wali niliowaagiza mpike mlipofika asubuhi uko jikoni, kwenye chungu cha kuazima. Vuteni sinia chini ya kitanda, lijazeni, lijae hadi ukingoni. Terry ashike upande mmoja, Bonface mwingine, msilimwage. Waiteni wasichana wote watoke nyuma ya mapazia. Mpelekeeni Kumba sinia lake, mle naye, huko kwake.

Mimi siwezi kwenda. Mkikaa, msisogeane kujaza pengo. Upande wangu uacheni wazi.

Msimwambie neno. Atatazama, ataona mwenyewe. Atauliza nani hayupo.

Yalla, nendeni. Na hilo pazia langu... liacheni wazi.