Jefwa Atobolewe Wapi?

Mbodze alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi alipomwona Mwinga, shemeji yake, akishuka kwenye baiskeli mbio mbio. Ndiyo kwanza Mbodze arudi kutoka hospitali ya Msambweni, alikomwacha mumewe Jefwa, aje kuwapikia watoto. Lakini Mwinga hakumjia yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la kahawa lililoegemea ukuta wa jiko. Tangu bendera mpya ipandishwe, benchi lile lilijiona bunge: posa, mazishi, hata ugomvi wa kuku, vyote vilipita pale kwanza.

— Jefwa amezidiwa, akasema Mwinga. Kuhara hakukomi, mishipa ya mikono imezama, maji ya dripu hayaingii. Sista Rispah na daktari wanataka kumtia mpira kwenye mshipa mkubwa uendao moyoni. Si wa kudumu, ni ule wa siku chache. Njia ni tatu: shingoni, chini ya mfupa wa mtulinga, ama kinenani. Jefwa amekataa kuguswa mpaka benchi likae.

— Likae? akafoka Mbodze. Mtu anakauka kama ng'onda!

— Taratibu, Mama Kache, akasema Waziri, aliyejipa cheo hicho siku ya uhuru na hakuna aliyemvua. Mwenda pole hajikwai. Hebu ongeza kahawa.

Spana, fundi wa baiskeli, akajikohoza.

— Shingoni hapana. Pale ndipo penye valvu. Ukiigusa, mtu anaisha upepo, na kiraka hakishiki penye jasho.

— Kwani Jefwa ni tairi?

— Sote tairi, Waziri. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hapo mwana ameingiaje?

— Ameingia, wewe nyamaza.

— Kinenani nako kubaya, akadakia Fondo Redio. Maji hayapandi mlima. Yatamjaa miguuni, arudi na nyayo za tembo. Mimi nasema utosini! Waya ukiwa juu vile, usiku tutasikiliza Nairobi bila betri.

— Basi atiwe kote, akakata Waziri. Mkono mmoja haulei mwana. Tupige kura!

Mikono ilikuwa imeshainuka alipofika Nthiwa, mama wa Kikamba aliyehamia shamba la juu, na kapu lake la pojo.

— Hamjambo, wazee. Huyo mnayempigia kura, nani kati yenu amekwenda kumwona?

Waziri akachungulia kikombe chake. Spana akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Fondo akazungusha kitufe cha redio yake iliyozimwa.

Mbodze akajifuta mikono kwa leso.

— Mwinga, panda baiskeli. Shingo haifai: Jefwa hugeuka kumtazama kila apitaye. Kinena hakifai: mkono wake hautulii huko, miaka yote naujua. Atiwe chini ya mtulinga. Na umwambie benchi limekaa.

— Limeamua nini? akauliza Waziri.

— Hilo.

Mwinga alirudi magharibi, sima inapakuliwa. Akasema mpira umeingia, maji yanakwenda, na Jefwa ameshaanza kubishana na wa kitanda cha pili.

Mbodze akahesabu vichwa. Kache, Chome na Shutu wapo. Mwinga yupo. Nthiwa, aliyekuja kuuza pojo, yupo. Waziri, Spana na Fondo nao wapo. Kahawa ilipokwisha walifuata harufu ya nazi. Sahani ya Jefwa akaifunika kwa kawa.

— Na baba? akauliza Kache.

— Yupo. Kuleni.