Elieth Adriano Lugembe, Mwigizaji (1991–2025)

Marehemu Elieth alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Julai 1991, hapa Sikonge, mkoani Tabora. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Adriano Lugembe, mfugaji nyuki na mzee wa kanisa, na marehemu Mama Ng'washi. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakutambaa. Siku moja alisimama, akashika kizingiti cha mlango, akatoka nje.

Alipotimiza miaka saba alianza kumfuata baba yake porini wakati wa kurina asali. Baba alimrudisha siku ya pili. Mtu anayezungukazunguka chini ya mzinga huwachokoza nyuki, na Elieth hakuweza kusimama hata kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

Alisoma shule ya msingi hapa Sikonge na kumaliza darasa la saba mwaka 2005. Sekondari alisoma Tabora mjini, akiishi kwa shangazi yake mtaa wa Isevya, na kumaliza kidato cha nne mwaka 2009. Lakini waumini wa kanisa hili wanamkumbuka zaidi kwa Krismasi ya mwaka 2000. Katika igizo la siku hiyo alikuwa mchunga kondoo wa tatu, na hakupewa neno hata moja la kusema. Alipofika mbele ya hori, alimgeukia aliyeigiza Mariamu na kumwuliza, "Mama, huyu amenyonya leo?" Kanisa zima lilicheka, mchungaji naye. Baba yake hakucheka. Nyumbani alimwambia kuwa kanisani si mahali pa kuchekesha watu. Elieth alijibu kwamba hakuwa akichekesha. Mtu akiona mtoto mchanga huuliza hivyo.

Mwaka 2010 alipelekwa chuo cha ualimu. Alikaa muhula mmoja. Akarudi Tabora, akauza vitenge Kanyenye, akaacha. Akashika kazi katika duka la dawa, akaacha. Januari 2013 alimwambia baba yake kwamba anakwenda Dar es Salaam kuigiza. Mzee hakumkataza. Alisema tu kwamba yeye haijui hiyo kazi. Kazi anayoijua ni ile ambayo mtu huianza na kuimaliza.

"Ukipata mchezo ambao umo tangu mwanzo hadi mwisho," alimwambia, "niite, nitakuja kuutazama."

Elieth aliyachukua maneno hayo kama mkataba. Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata hilo ndilo alilolitafuta: baba yake amwone akiigiza mpaka mwisho, na akubali kwamba ile ni kazi.

Kati ya mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2024 alirekodi filamu na tamthilia kumi na tisa. Katika kumi na moja alikuwa dada wa kazi, katika nne muuguzi, katika mbili jirani, na katika moja maiti. Moja ilitoka bila yeye, sehemu yake ikiwa imekatwa. Sentensi aliyoisema mara nyingi kuliko zote mbele ya kamera ni "Shikamoo mama, mgeni amefika." Alikwenda kwenye usaili akiwa na homa, akiwa na njaa, na mara moja akiwa amevunjika kidole cha mguu. Mwongozaji mmoja alimwambia kuwa ana sura ya mtu anayetaka kuondoka. Alirudi akitusimulia hilo kwa furaha, kana kwamba amesifiwa.

Alijikimu kwa kuuza asali ya nyumbani. Vyumba alivyopanga jijini ni kumi na vinne, kuanzia Tandale hadi Kitunda, na sisi ndugu tuliacha kumwuliza anakaa wapi. Tulimwambia tu afuate dumu lake la asali stendi.

Tarehe 20 Mei 2017 alifunga ndoa, hapa hapa Sikonge, na Bwana Erasmus Shigela, fundi wa reli. Waliishi Kanyenye kwa miezi minane. Erasmus anasimulia kuwa mke wake alihamisha samani kila wiki, na yeye akirudi asubuhi kutoka zamu alikuwa akisimama mlangoni kwanza na kuuliza, "Mke wangu, leo kitanda kiko wapi?" Januari 2018 Elieth aliitwa kwenye usaili wa siku mbili Dar es Salaam. Hakurudi kukaa. Hawakugombana na hawakuachana. Alikuwa akija kwa treni, anapika, anacheka, na siku ya tatu anaanza kuulizia ratiba. Hawakujaliwa mtoto.

Machi 2022 Mzee Adriano alikwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa jicho, akafikia kwa binti yake Kitunda. Wiki hiyo alifariki jirani yao, Fundi Majidi, mshonaji nguo, Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana wajibu wake msibani. Kabla jeneza halijatoka, Elieth alijivika shingoni utepe wa kupimia wa marehemu, akainamisha bega moja kama yeye, akaanza kuwapima waombolezaji. Akamwambia mmoja wao kwamba kiuno chake si kile alichokipima wakati wa sikukuu ya Idi. Wengine walipomdai nguo zao, alikohoa kikohozi cha Majidi, akatazama pembeni, akasema, "Njoo Jumamosi." Kila mtu mtaani alizijua Jumamosi za Fundi Majidi. Mjane wake, Bi. Siwema, naye Mzaramo, alicheka mpaka akashikwa mikono, kisha akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Mzee alikuwa amesimama getini, jicho moja limefungwa bandeji. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza watani makaburini hapa Sikonge. Walipokuwa wakirudi alimwambia kwamba amemdhihaki marehemu.

"Nimewarudishia marehemu wao kwa dakika tano, baba."

"Huo ni utani. Kila Mnyamwezi anaujua. Si kazi."

Mwezi huo huo Elieth alihama chumba, ingawa hakutoka Kitunda.

Juni 2024 alipata alichokuwa akikitaka. Ilikuwa tamthilia ya sehemu thelathini, naye alikuwa mjane mwenye duka la vyuma chakavu, mwenye jina na nyumba na maneno, tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Alimpigia simu baba yake saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alinunua televisheni. Walikuwa wamerekodi sehemu tisa, Novemba, alipoanza kuvimba miguu. Figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi. Waandaaji walisubiri wiki tatu. Sehemu ya kumi inaanza kwa jirani kusema kwamba yule mjane amesafiri.

Kuanzia Desemba alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Huu ndio ulikuwa ugonjwa mgumu kuliko yote kwa mtu kama yeye, kwa sababu ulimtaka akae. Januari 2025 Mzee Adriano aliiacha mizinga yake, akahamia Kitunda kumwuguza. Walikaa chumba kimoja miezi saba, wakigombania dirisha: mmoja alitaka lifungwe, mwingine lifunguliwe. Hospitalini Elieth aliwaigizia wagonjwa wenzake: muuguzi mwenye haraka, mlinzi wa geti, mama anayeongea na simu iliyozimwa. Mzee alikuwa akitazama ukutani.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti, akiwa amelazwa, baba yake alimwuliza, "Mimi mbona hunifanyi?"

"Utakasirika."

"Nikikasirika utajua. Fanya."

Elieth alishuka kitandani. Alitembea hatua nne akiegemea mguu wa kushoto. Alifuta kiganja kwenye nguo, akaligonga kabati la chuma mara mbili kwa kifundo cha kidole, akaliwekea sikio. Baba yake anapougonga mzinga husubiri kwa muda mrefu, hapepesi, kusikia kama nyuki wamo. Elieth alisubiri hivyo hivyo. Hakutikisika. Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama na sinia lake mkononi. Waliokuwepo wanasema ilipita zaidi ya dakika moja. Kisha akasema, kwa sauti ya baba yake, "Wamo."

Mzee alisema, "Kumbe naacha mdomo wazi."

"Miaka yote, baba."

Elieth alifariki dunia Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Amesafirishwa kwa barabara kupitia Dodoma, Singida na Nzega. Bi. Siwema, mjane wa Fundi Majidi, amesafiri naye njia nzima. Mzee Adriano amemwomba mchungaji ampe nafasi baada ya wasifu huu, na amemwambia Bi. Siwema afanye utani wake wote bila kumhurumia mtu.

Ijumaa, kabla ya safari, karani aliyekuwa akijaza cheti cha kifo aliuliza kazi ya marehemu. Erasmus alitaja mjasiriamali, kwa ajili ya asali. Mzee alimkatiza.

"Andika mwigizaji."

Karani aliuliza, kwa upole, kama aliwahi kuigiza kitu ambacho watu wanakijua.

"Hapana," Mzee alisema. "Lakini mimi nimemwona."

Marehemu ameacha baba, Mzee Adriano Lugembe, mume, Bwana Erasmus Shigela, kaka, Renatus, mdogo wake, Julieth, shangazi wa Isevya, wapwa wanne, na watani wasiohesabika kuanzia hapa hadi pwani.

Mungu ampokee Elieth, na ampe pumziko ambalo kwetu sisi hakuwahi kuliomba.