Nyota Ndani ya Jiwe Jekundu

Tumsifu Yesu Kristo. Wanajumuiya, wengi wenu mliliona shimo kwenye kibanja changu cha migomba mkanyamaza. Adabu yenu naijua. Leo nimesimama niwaambie lilikuwa la nini.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa machimboni Geita. Habari ilinifikia ameshazikwa wiki nzima. Niliporudi Kibingo nikakuta tuta la udongo kati ya migomba, na dada yangu mkubwa hakuitikia hata shikamoo yangu. Sikumuuliza walimzikaje. Niliona aibu, na aibu ile nikaishi nayo miaka.

Masika moja fuko akaingia pale kaburini. Kila asubuhi kichuguu kipya cha udongo alioutoa chini. Siku moja, ukungu haujatoka kwenye migomba, nikaona juu ya kichuguu kitu chekundu kama kahawa mbivu. Nikakifuta. Jua lilipochomoza, ndani yake ikawaka nyota ya miali sita. Nikiligeuza jiwe, nyota inasogea. Nikisogea mimi, inanifuata. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Halafu nikafurahi, na hapo ndipo nilipopotea.

Mchimbaji akiokota jiwe juu, hufuata chini lilikotoka. Nikajiambia mama amenisamehe, ananipa urithi. Nikang'oa migomba minane, nikaanza kuchimba pembeni mwa kaburi. Lakini shimo likawa linaelekea kule kule kaburini. Siku zile upepo ulikuwa unavuma na majani ya migomba hayatoi sauti. Wewe unayecheka, cheka tu, hukuwepo. Na lile jiwe nilitembea nalo mfukoni kutwa, lisipate joto.

Dada akaja, akasimama ukingoni.

"Unamchimba mama?"

"Nachimba pembeni."

"Pembeni ya nini?"

Nikaendelea kuchimba, na jiwe sikumwonyesha.

Zilikuwa zimebaki hatua mbili kulifikia kaburi nilipokwenda Kayanga kupima mali yangu. Kuna mama mmoja pale, sonara, mtu wa Muleba. Akaweka lenzi jichoni.

"Baba, umelitoa wapi?"

"Ardhini kwetu."

"Limepita ardhini kwenu. Halikuzaliwa humo."

Nikamwuliza kama ni kioo. Akasema hapana, ni rubi, ugumu ule ule na mwili ule ule kama la mgodini. Ila hili limepikwa na watu kwenye tanuri. Akanipa lenzi nione mwenyewe mistari iliyopinda na viputo vidogo vya hewa. La asili, akasema, lina mistari iliyonyooka, lina nyufa na vijisindano, na nyota yake mara nyingi hufifia au hukaa upande. Yangu ilikaa katikati kabisa, kali mno. Kisha akaligeuza.

"Huku chini pamesawazishwa. Hili lilikaa kwenye pete. Pete ya nani?"

Nilirudi kwa bodaboda sisikii hata mlio wa pikipiki. Nikaenda moja kwa moja kwa dada, nikafungua kiganja. Alikuwa anaanika kahawa. Akakaa chini pale pale.

"Pete ya mama," akasema. "Aliinunua Bukoba ujanani, akaiweka sandukuni; alianza kuivaa wewe ukiwa Geita. Vidole vilikuwa vimevimba, haikutoka. Tukamzika nayo. Ungeuliza, ningekwambia."

Siku mbili zaidi, ndugu zangu, ningempiga mama yangu sururu nikitafuta mwamba. Nililia kilio ambacho sikukilia msibani.

Tulilifukia shimo mimi na dada, na ninyi mliokuja na majembe bila kuuliza kitu. Mungu awabariki. Jiwe tulilirudisha kaburini, kina cha mkono wangu mzima. Namshukuru yule sonara, ambaye angeweza kuninyamazia, alinunue na kuliuza kama la mgodini. Namshukuru dada, siku hizi shikamoo yangu anaiitikia. Na nimejifunza hivi: ukiokota kitu kizuri kisicho na kasoro hata moja, usikimbilie sururu. Muulize kwanza aliyekuwepo wakati wewe hukuwepo, hata kama unamwonea aibu.

Jana asubuhi nilipita pale nikienda kuchuma kahawa. Fuko amerudi. Kichuguu bado kibichi, na juu yake kuna wekundu kidogo. Huenda ni kahawa imedondoka.

Sikuinama. Nilikwenda kwanza kumwita dada.