Kambale Aubin na Gari ya Muzee Iliyochemka Kabasha

Ndugu na jamaa, wakristo wenzetu, majirani wa Murara, na ninyi mafundi wa Birere muliofunga garage zenu leo, kwa desturi historia hii ya marehemu inasomwa na mutoto wa kwanza, ndiyo mimi, Mumbere Wenceslas, na kazi hii sikuiomba, maana toka utoto wetu kila kikao kilikuwa cha kumusifu Kambale Aubin, na tazama, hata leo munanisimamisha nimusifu.

Marehemu alizaliwa Butembo tarehe 12 Machi 1969, mutoto wa pili wa Papa Constant, mufanyabiashara wa vitunguu, na Mama Domitille, na kwetu Wanande jina lenyewe linasema, Mumbere anatangulia, Kambale anafuata, lakini mama alikuwa anamupakulia yeye kwanza, eti ni mwembamba, na wembamba huo haukuisha mpaka akapata mvi.

Alisoma shule ya msingi Butembo kuanzia 1975 hadi 1981, familia ikahamia hapa Murara mwaka uliofuata, naye baada ya miaka mitatu ya sekondari akaacha masomo, akanifuata garage Birere, ambako ni mimi nilimufundisha kushika spana, musikie vizuri, ni mimi.

Mwaka 1988 Muzee, baba yetu, alinunua kwa muzungu mumoja wa kahawa ile gari nyeupe yenye mugongo murefu munayoiona hapo inje, gari nzuri ya kubeba vitunguu, lakini yenye homa, maana kila ikipanda mulima wa Kabasha kwenye njia ya Butembo, karbirateri, kile chombo kinachochanganya mafuta ya esansi na hewa, ilipata joto la moteri mpaka esansi ikachemka ndani, moteri ikazimika, abiria wote chini, tunangoja ipoe kama uji wa mutoto. Mimi nilileta dawa ya mafundi wa zamani, vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, unavibana kwenye bomba la esansi ili vipunguze joto, lakini Aubin alicheka mbele ya garage nzima, akasema grand yangu, yaani mukubwa wangu, anataka kuanika gari kwenye kamba, na toka siku ile Birere yote inaniita Papa Vibanio, wengine muko hapa, nawaona munaficha meno.

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi walijaa muji wote, kolera ikaingia, Mama Domitille akashikwa, na ilibidi gari ipite katikati ya watu polepole sana, mwendo ambao ungeichemsha hata kabla ya kufika rond-point, ule muzunguko wa barabara, ndipo Aubin akakata kopo la mafuta ya msaada, akalifanya bati la kukinga joto, akaweka kibao kigumu kati ya karbirateri na moteri, akafunga kapo, kile kifuniko cha moteri, akaondoka na mama mpaka hospitali, na gari haikuzimika, mama akapona. Muzee akamukabizi ufunguo mbele yetu wote, mimi mukubwa nikiwa nimesimama pale pale, mikono mitupu, na mukiniuliza kama niliona wivu, ee, niliona, na mpaka leo unanichoma. Toka hapo Aubin hakuruhusu mutu yeyote afungue ile kapo, hata mimi ndugu yake wa tumbo moja.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Mama Rosine wa Mabanga, ambaye mimi ndiye nilimuona kwanza, lakini tuache hayo, na Mungu akawapa watoto wanne, Joyeuse, Émile, Micheline na Josias. Vita vikaja mwaka ule ule, vikarudi, vikarudi tena, na tarehe 17 Januari 2002 volkano ikameza garage yangu, mimi nikikimbia kwa miguu na godoro kichwani, yeye akinipita na familia yake ndani ya gari ya Muzee, ingawa alisimama akanipakia, na hilo pia lilinikasirisha.

Ugonjwa wa figo ulimushika mwezi wa Novemba 2023, akalazwa, akaaga dunia Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, na kwa kuwa njia ya Kabasha imefungwa na vita, hatuwezi kumulaza Butembo karibu na Muzee. Aliacha neno kwa Rosine, kwamba gari ile ndiyo imupeleke kaburini, na mwenye kuiendesha awe Wenceslas.

Jana asubuhi nilifungua kapo, nikisema moyoni, leo nitaiona siri yake, nitaicheka. Nikaona kibao, nikaona bati, nikalitoa, na nyuma yake, kwenye bomba la esansi, nikakuta vibanio vya nguo, vimepangwa toka mwanzo mpaka mwisho, na Rosine anasema kila Noeli aliiba vipya kwenye kamba yake. Nilikaa chini nikamutukana, kisha nikalia.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, majirani muliolala inje na sisi, mafundi muliochangia jeneza, na Mama Rosine aliyemuuguza bila kuchoka.

Kambale, wewe ulinicheka mbele ya watu, na mimi nasema mbele ya watu, vile vibanio ni vyangu, na nimeviacha pale pale. Sasa twende, ufunguo iko mukononi mwangu, gari haitazimika njiani, pumzika kwa amani, mutoto wa mama.