Bi Mkasi na Mifuko Iliyoishia Damponi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana popote mlipo. Kama uko jikoni, kama uko kazini, au kama umesimama dirishani unalisubiri lori la taka lililotakiwa kupita jana, sogea karibu na redio. Kipindi cha leo kinakuhusu.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi. Alifariki wiki tano zilizopita, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Kwa miaka saba alikaa kwenye kamati ya halmashauri inayosimamia uzoaji wa taka za majumbani. Alikuwa mwakilishi wa wakazi, mmoja peke yake kati ya wajumbe kumi na wawili. Na katika miaka hiyo saba, minne aliimaliza akiuliza swali moja tu: taka tunazozitenganisha zinapelekwa wapi?

Jina la Bi Mkasi alilipata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mkasi wenyewe, mweusi, mzito, uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa utepe hata akienda sokoni. Ya pili ni ulimi. Binti yake anacheka huku akifuta machozi anapotusimulia.

"Mama hakuambii gauni limekubana," anasema. "Anakuzunguka, anakutazama, halafu anakwambia: mwanangu, hili gauni linaomba msaada."

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani iliwekwa karibu na dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Kwa hiyo chochote kilichopita, Bi Mkasi alikiona. Aliona nani kanunua godoro jipya. Aliona nani kagombana na mumewe na kutoka bila kufunga mlango. Na aliona lori la taka, siku lilipokuja na siku lilipokosa kuja.

Miaka saba iliyopita halmashauri ilitangaza mradi wa urejelezaji. Taka mbichi, yaani maganda na masalia ya chakula, ziende kwenye pipa la kijani. Taka kavu, yaani chupa, makopo na karatasi, ziende kwenye pipa la buluu. Mkandarasi akapewa mkataba wa miaka saba. Kazi yake ilikuwa kuzoa, na kupeleka zile kavu kwenye yadi ya kuchambulia, ili zitumike tena. Jambo jema kabisa. Ila mtaa wa Bi Mkasi una nyumba mia mbili na kumi, na mapipa ya buluu yaliyoletwa yalikuwa thelathini.

Wengine walilalamika. Bi Mkasi alitafuta turubai la buluu, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona mifuko. Mfuko mmoja kila nyumba. Turubai ni gumu, si la kushonwa kwa cherehani ya magauni. Sindano kumi na moja zilimkatikia. Kila mfuko aliumalizia pembeni kwa uzi mwekundu, mishono miwili inayokatana, maana alisema kazi isiyo na alama ya fundi ni kazi ya yatima.

Kisha akaanza kugonga milango. Wa mwisho kukubali alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yake wa nyumba ya tatu.

"Mama, mimi nimefundisha miaka thelathini na tano," mwalimu alimwambia. "Leo nije nifundishwe kutupa takataka?"

"Mwalimu," Bi Mkasi akajibu, "kufundisha umefundisha, lakini hilo kopo lako la samaki linanuka mpaka kwangu. Chukua mfuko."

Akauchukua. Na mwongofu huwa mkali kuliko aliyemwongoa. Mkewe alisema mwalimu alikuwa anaosha makopo vizuri kuliko anavyoosha vikombe vya chai.

Utaratibu ulikuwa hivi. Jumanne mkandarasi anachukua mifuko ikiwa imejaa. Jumanne inayofuata anairudisha mitupu. Mwaka wa kwanza ilirudi. Mwaka wa pili ilirudi. Mwaka wa tatu ikaanza kupotea. Leo kumi haijarudi, wiki ijayo ishirini. Bi Mkasi akauliza kwenye kamati. Akaambiwa mifuko iko yadi, inaoshwa. Akashona mingine. Nayo ikapotea.

Wasikilizaji wapendwa, fundi hudanganywa kwa mengi, lakini si kwa kazi ya mikono yake. Jumanne moja asubuhi alifunga duka, akamwambia mumewe, ambaye ni seremala, awashe kigari chake cha kubebea mbao. Wakalifuata lori.

"Tulipofika njia panda," mumewe anasimulia, "yadi iko kushoto. Lori likaenda kulia. Mke wangu hakusema kitu. Mimi nilimjua. Akinyamaza hivyo, ujue kuna mtu ataumbuka."

Kulia ni dampo. Lori lilirudi nyuma mpaka ukingo wa shimo, likainua mgongo, likamwaga. Mbichi na kavu. Kijani na buluu. Vyote shimo moja, moshi ukifuka. Bi Mkasi akashuka garini na viatu vyake vya wazi, akateremka ukingoni.

"Nikamwita, mke wangu rudi, utajikata! Wapi. Alikwishaushika mfuko kwa mkanda, anauvuta kama anamvuta mbuzi."

Akaugeuza pembeni. Uzi mwekundu. Mishono miwili inayokatana. Akavuta mwingine. Uzi mwekundu.

Dereva wa tingatinga alimwonea huruma. "Mama, unajisumbua," akamwambia. "Yadi imefungwa tangu mwaka jana. Mashine iliharibika. Kila kitu kinakuja huku."

Tangu mwaka jana. Tulirudie hilo. Yadi ilifungwa mwaka mzima, na kamati inayosimamia uzoaji wa taka haikuambiwa. Au iliambiwa, na mjumbe mmoja hakuambiwa.

Kikao kilichofuata, Bi Mkasi aliuweka ule mfuko mezani, na harufu yake yote.

"Mama, tafadhali ondoa huo uchafu," mwenyekiti akasema.

"Mheshimiwa, uchafu huu ndio ajenda."

Afisa usafi akasafisha koo. Akasema mifuko ya buluu iko mingi mjini, mtu hawezi kujua huu ni wa nani.

"Wewe sahihi yako huijui?" Bi Mkasi akamuuliza. "Basi na mimi mshono wangu naujua."

Wakaahidi kulifuatilia. Baada ya kikao mwenyekiti alimvuta kando, kwenye korido, karibu na mashine ya kunakili. Alimwambia kwa upole. "Dada yangu, tuelewane. Ukienda kuwaambia watu, wataacha kutenganisha. Mradi utakufa. Na aliyeuua utakuwa wewe."

Maneno hayo yalimwingia. Binti yake anasema kwa siku tatu mama yake alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga kanyagio. Wateja walikuja, wakaambiwa warudi kesho. Siku ya tatu akamwita binti yake.

"Milango niliigonga mimi," akamwambia. "Si mwenyekiti. Mimi. Nitawapitiaje kila asubuhi, nawasalimia, na hili liko kifuani?"

Jumapili mchana akawakusanya majirani mbele ya duka, akawaeleza alichokiona, mwanzo mpaka mwisho. Hakuficha hata kwamba yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati mwaka mzima huo bila kujua.

Halafu mwalimu akainuka. "Miaka mitatu naosha makopo," alisema. "Miaka mitatu! Naoshea shimo?"

Akaenda nyumbani, akarudi na mfuko wake, akauweka miguuni pa Bi Mkasi, akaondoka. Kufikia Ijumaa, mifuko sitini na kitu ilikuwa imerundikwa mlangoni pake. Wengine hawakubisha hodi. Bi Mkasi aliifua yote, akaikunja, akaipanga kabatini. Mwalimu hakumsalimia kwa zaidi ya miaka miwili.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo wengi wetu tungejiuzulu. Yeye aliendelea kwenda. Kila mwezi kikao kimoja. Kila kikao alipewa dakika tatu, mwishoni kabisa, wajumbe wakiwa wameshaanza kukusanya makaratasi. Kila kikao aliuliza: taka tunazozitenganisha zinapelekwa wapi? Na kila kikao alijibiwa: suala linashughulikiwa. Mwezi wa kwanza linashughulikiwa. Mwezi wa ishirini linashughulikiwa. Nyumbani likageuka kuwa mzaha. Mumewe akiuliza chakula kiko wapi, anajibiwa kutoka jikoni: "Suala linashughulikiwa!" Wanacheka. Lakini mumewe anakiri kwamba miaka ya mwisho mkewe alikuwa analisema bila kucheka.

Mwaka wa sita, halmashauri ilikubali kwenda kukagua yadi. Ila ilimwandikia mkandarasi barua siku kumi kabla, kumjulisha. Na siku kumi zinatosha kupaka rangi ukuta wowote.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu. Mimi nilikuwepo siku ile, na kinasa sauti changu. Niliona yadi safi. Niliona mashine inanguruma. Niliona chupa huku, makopo kule, karatasi zimefungwa kwa kamba. Bi Mkasi alimwendea kijana wa mashine, akamuuliza, "Baba, hii imeanza kufanya kazi lini?" Yule akajibu, "Juzi, mama." Alijibu hivyo, na mimi nilisikia. Bi Mkasi akakataa kutia sahihi kwenye taarifa ya ukaguzi. Wenzake kumi na mmoja wakatia. Jioni yake nilikaa kwenye kiti hiki hiki, nikawasomea kwamba kamati imeridhika na huduma. Kile kipande cha "juzi, mama" sikukitumia. Na Bi Mkasi sikumtafuta. Leo namwomba radhi, na najua nimechelewa.

Kuna mtu mmoja aliyeisikia taarifa ile, akazima redio. Ni yule mwalimu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amepita njia panda, akaliona lori likikunja kulia, kuelekea dampo. Akavaa koti, akavuka nyumba tatu, akabisha hodi.

"Mama, nilikukasirikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu," alimwambia. "Nisamehe."

"Kaa," Bi Mkasi akasema. "Halafu hilo koti, kifungo cha pili kinaning'inia. Lete."

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Jumanne sita mfululizo mwalimu alipanda kigari cha seremala, wakaenda dampo, wakapiga picha. Wiki ya pili tu baada ya ukaguzi, yadi ilikuwa imefungwa tena. Wakaandika barua, kwa mwandiko wa mwalimu na maneno ya Bi Mkasi. Mkataba wa mkandarasi ulikuwa unakaribia kwisha. Waliomba usiongezwe bila masharti mawili. La kwanza, yadi ifanye kazi. La pili, mkaguzi wa wakazi aruhusiwe kwenda siku yoyote bila kutoa taarifa. Basi. Hawakuomba kingine. Kikao cha mkataba kikapangwa, na barua ingewasilishwa na mjumbe, Bi Mkasi.

Kabla ya kikao akashikwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku tisa. Binti yake anasema hata kwenye barakoa ya hewa aliweza kumsumbua muuguzi: "Sista, hiyo chupa ya maji unaitia kwenye ndoo gani?" Siku ya nane aliuliza kikao ni lini. Akaambiwa bado siku kumi na tatu. Akasema, "Nitawahi." Kesho yake, Alhamisi asubuhi, akafariki.

Siku ya kikao, mwalimu alikwenda na barua. Mlangoni akaambiwa yeye si mjumbe. Akaomba basi barua isomwe. Akaambiwa barua husomwa na mjumbe. Akaomba achukue nafasi ya marehemu. Akaambiwa umri wa mwisho ni miaka sabini, na yeye ana sabini na minne. Akakaa kwenye benchi la korido, barua mapajani, mpaka wajumbe walipotoka. Hawakukaa sana. Dakika ishirini.

Tumeziona kumbukumbu za kikao kile. Nawasomea kama zilivyo. "Mwakilishi wa wakazi: hayupo. Pingamizi: hakuna. Mkataba umeongezwa kwa miaka saba."

Wasikilizaji wapendwa, hayupo. Hivyo ndivyo walivyoandika. Siku ya mazishi walileta shada la maua, kwa hiyo walijua vizuri alikokwenda.

Kwa mumewe seremala, kwa binti yake, kwa mwalimu, na kwa majirani wote waliorudisha mifuko na wale ambao hawakuirudisha, sisi wa redio hii tunawapa pole. Msiba wenu tumeubeba pamoja. Bi Mkasi apumzike kwa amani, na Mungu amlipe kwa kila mlango aliougonga.

Kwetu sisi tuliobaki, kiti chake kiko wazi. Fomu za kugombea uwakilishi wa wakazi zinatolewa kwenye ofisi za halmashauri, dirisha la pili, mpaka mwisho wa mwezi huu. Jana nilipiga simu kuuliza zimechukuliwa ngapi. Karani akaniomba nisubiri, akaenda kutazama, akarudi. "Bado hata moja," akasema.

Sasa tutanyamaza dakika moja kwa heshima ya Bi Mkasi. Dakika moja tu, wasikilizaji wapendwa. Tukinyamaza zaidi ya hapo, wataandika tena: pingamizi, hakuna.