Fundi Waithera na Jino Moja la Cheni

Marehemu Waithera alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Elburgon, kitinda mimba wa Mzee Karanja na Mama Wariara. Baada ya shule ya msingi alisomea umakanika Njoro, msichana pekee darasani.

Mwaka wa 1993 alifungua gereji mtaani Rhonda, hapa Nakuru. Magari yaliyobadilishwa kwingine cheni ya taiming, ile inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake, kisha yakakataa kuvuta, yaliletwa kwake. Alifumba macho akasikiliza, na wateja wakanyamaza kama wako kanisani.

Aliolewa na Mwalimu Njuguna mwaka wa 1996. Mwalimu alizoea kulalamika kwamba injini zinasikilizwa kumliko yeye.

Jioni ya tarehe 3 Agosti 2001, Waithera na kakake Kihara walikuwa wakimpeleka Sue, mke wa Kihara, hospitalini Molo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na uchungu ulikuwa umeanza. Pikapu, iliyotoka tu kuwekwa cheni mpya na fundi mwingine, iliishiwa nguvu kwenye mlima wa Sachangwan. Magari waliyoyapungia mkono yalipita tu.

“Ni kabureta hiyo,” Kihara alisema.

“Wacha kabureta. Cheni imewekwa jino moja nyuma. Vali zinachelewa kufunguka.”

“Umejuaje na hujafungua?”

“Nimesikia. Nitafutie kipande cha mti, haraka.”

Alifungua kifuniko cha injini, akaizungusha kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu. Alama ya gia ya kamshafti, ule mtaimbo unaofungua vali, ilikuwa nyuma kwa jino moja, vile vile alivyosema. Alikichonga kile kipande kikawa kabari, akakipachika ndani ili cheni isilegee, kisha akaifungua gia, akaisogeza mbele jino moja na kuitoa kabari. Kihara husimulia hayo hadi leo akitikisa kichwa, na sisi pia hatuyaelewi.

Pikapu ikavuta. Waithera alibaki kando ya barabara na spana zake ili Sue apate nafasi ya kulala.

“Mkifika, niambieni tu mmefika,” alisema.

Januari 2024 alipatikana na saratani ya tumbo. Hata wodini, gari likiwashwa nje, alituashiria tunyamaze kwanza. Alituacha tarehe 9 Juni 2025, hapa Nakuru. Tunaumia sana.

Ameacha mume wake Njuguna, watoto wao Travis na Wariara, kakake Kihara, wifi yake Sue, na Jamleck, aliyezaliwa Molo jioni ile, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Shangazi, tulifika. Sasa pumzika kwa amani.