Bi Saleha na Damu ya Marehemu Munir

Wasikilizaji wapendwa, redio hii haina mtu anayeijua DNA kunishinda mimi. Ni herufi tatu, na zote tatu nazijua. Zaidi ya hapo mtanisamehe, shule yangu iliishia msingi.

Leo tunamkumbuka Bi Saleha wa Kabiria, fundi wa nguo pale Kenyatta Market, aliyetutoka Jumanne. Bi Saleha alikuwa mtu wa kushuku. Alinusa maziwa kabla ya kununua, kisha akamnusa na muuzaji. Binti yake, Waridi, anasema: "Mama ukimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha."

Mwaka wa tisini na nne kakake, Munir, alifariki. Waliishi pamoja, lakini nyumba ilikuwa kwa jina la Munir, na Munir hakuwa na mtoto. Mwezi haujaisha, akaja kijana, Haron. Akasema yeye ni mwana wa Munir, wa nje, na nyumba ni yake. Bi Saleha akamtazama pua. Pua ya Munir, ileile. Siku hiyo alishona suruali ya watu, mguu mmoja ukaangalia nyuma.

Haron akarudi na jipya: hospitali imepima DNA, ni mia kwa mia. Bi Saleha akashuka River Road kwa Lalit, mwenye duka la dawa. Lalit akamweleza kwamba DNA ni kama uzi mrefu uliokunjwa ndani ya kila chembe ya mwili. Nusu mtoto hupewa na mama, nusu na baba. Kwa hiyo kumjua baba, shurti upate na damu ya baba mwenyewe. Mambo ya uzi, Bi Saleha hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alirudi akishuku wawili: Haron, na marehemu mwenyewe.

Waridi, na jamaa wote wa Kabiria, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ndugu akibisha hodi, tunamfungulia mlango au tunampima kwanza?

Ila siwaachi bila kisa cha Ijumaa iliyofuata, Haron alipoitwa. Wazee wa mtaa walikuwa wameketi sebuleni. Bi Saleha akammiminia Haron chai, akamuuliza kwa upole damu ya baba yake ilichukuliwa wapi.

"Mochari, shangazi. Kabla ya mazishi. Nilikuwa hapo, nikamshika mkono."

Wazee wakatazama vikombe. Munir alikata roho alfajiri, kitandani kwake. Wao wenyewe walimwosha humohumo ndani, na kabla ya alasiri walishamzika. Mochari hakuipita hata mlangoni.

Bi Saleha akamwongezea sukari.

"Mwanangu," akasema, "huyo uliyemshika mkono alikuwa baba wa nani?"